Kugeuza Kichwa cha Treni Ndogo Kiendeshwe kwa DCC Bila Kuunguza King'amuzi: Mwongozo Kamili

"Fundi, shikamoo. Kimetoa moshi."

Ujumbe wa namna hii umenifikia mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mmoja ulitoka Kizota, mwingine Singida. Wa tatu ni kijana aliyekuja mwenyewe mpaka kibarazani kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, kichwa chake cha treni amekifunga kwenye leso kama anabeba yai. Wote watatu walikuwa na king'amuzi kipya chenye kijitundu cheusi katikati ya chip. Wote walichoma nyaya vizuri, nimeiona kazi yao na ni safi. Kosa lao lilikuwa moja, na ndilo nililolifanya mimi na king'amuzi changu cha kwanza: mota haikutengwa na reli.

Kwa hiyo mwongozo huu umeegemea upande mmoja makusudi. Hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote. Kama una haraka, ruka unachotaka kuruka, ila ile usiiruke, labda kichwa chako kiwe na soketi ya hatua ya tatu.

Tuelewane maneno kwanza. Kwenye mfumo wa kawaida (DC), reli zinapeleka umeme moja kwa moja kwenye mota. Ukiongeza volti kichwa kinakimbia, ukigeuza chanya na hasi kinarudi nyuma, na ukiweka vichwa viwili vinatembea pamoja utake usitake. Kwenye DCC, mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali, reli zina umeme kamili muda wote, hata treni zikiwa zimesimama, na amri zinasafiri ndani ya umeme huo huo. Kila kichwa kina kidude chake cha kuzisoma. Nakiita king'amuzi kwa sababu kinafanya kazi kama kile cha TV: matangazo yanamfikia kila mtu, lakini kila king'amuzi kinafungua yale yenye namba yake tu.

## Vifaa

Vyote viwe mezani kabla hujafungua skrubu hata moja.

- Mita ya fundi (multimita) yenye mlio wa kupimia waya na tundu la ampea 10. Hiki ndicho kifaa kikuu, kinakizidi hata kichomeo.
- Kichomeo cha lehemu cha wati 25 hadi 30 chenye ncha nyembamba. Kile kikubwa cha kuchomea masufuria kiache nyumbani.
- Lehemu nyembamba yenye dawa ndani, ile ambayo mafundi redio wanaiita risasi. Usitumie tindikali ya mafundi bati, itaula waya baada ya miezi michache.
- Mirija inayosinyaa kwa moto, milimita 1 hadi 2.
- Utepe wa njano usioungua, ule wa mafundi simu. Utepe mweusi wa umeme wa nyumba haufai. Mwezi wa Oktoba hapa Dodoma gundi yake inageuka asali na kila kitu kinateleza.
- Bisibisi ndogo za saa, kibano, spiriti, pamba, na mafuta mepesi ya cherehani.
- Rezista za omu 1,000 kwa ajili ya taa za LED, na moja kubwa ya omu 100, wati 5, kwa majaribio.
- Umeme wa DC wa volti 12 unaoweza kupunguzwa na kuongezwa.
- King'amuzi chenyewe, ila usikinunue kabla ya kumaliza hatua ya pili.
- Mtambo mkuu wa DCC, ule unaotuma amri. Ukiwa na hela, nunua seti iliyokamilika. Usipokuwa nayo, chukua Arduino Mega (bodi ndogo ya kuprogramu), kadi yake ya kuendesha mota, na programu ya bure ya DCC-EX. Rimoti itakuwa simu yako yenye programu ya Engine Driver, mradi uongeze kadi ya WiFi. Kwenye ile kadi ya mota kuna kinjia kidogo kilichoandikwa Vin. Kikate kabla ya kuweka volti 14, la sivyo umeme huo unaingia kwenye Arduino.

Neno moja kuhusu adapta. Watu wanachukua ya laptop ya volti 19 kwa kuwa ndiyo iliyopo ndani. Usiitumie. Kwa vichwa vya HO (vilivyopunguzwa mara 87) volti 14 hadi 16 zinatosha, na kwa vile vidogo vya N baki kwenye 12 hadi 14.

## Hatua ya 1: Kiendeshe kwanza kwa umeme wa kawaida

King'amuzi hakitibu gia iliyokwama. Kichwa kinachosuasua kwenye DC kitasuasua zaidi kwenye DCC, na wewe utahangaika na mipangilio kumbe tatizo ni uchafu.

Kipe volti 12, kiende dakika kumi mbele na dakika kumi nyuma. Kisha kipindue ufute magurudumu kwa pamba yenye spiriti. Vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta ya zamani linaganda kwenye gurudumu kama ukoko wa ugali, na ukoko haupitishi umeme. Weka tone moja la mafuta kwenye kila ekseli kwa ncha ya sindano. Tone, siyo kijiko, na yasiguse kaboni za mota, vile vipande viwili vinavyoipa mota umeme.

Vichwa vingi vinavyonifikia vimetoka kwenye marobota ya mitumba ya wanasesere, kwa hiyo angalia pia aina yake. Kama ni cha Märklin cha HO cha kuokota umeme katikati ya reli, kiweke kando. Magurudumu yake ya kushoto na kulia yameunganika, na kwenye reli mbili za kawaida yatapiga shoti papo hapo.

*Umefaulu ikiwa:* kinaondoka chenyewe bila kusukumwa kwenye volti 3 au 4, na mlio wake haubadiliki mbele wala nyuma.

## Hatua ya 2: Pima mota inakula ampea ngapi

Kila king'amuzi kina kikomo. Vingi vya HO vinabeba ampea 1 muda wote na kama 2 kwa kitambo kidogo. Vya N ni vidogo zaidi. Mota ikikwama inakula mara kadhaa ya kile inachokula ikiwa huru, na hapo ndipo king'amuzi dhaifu kinapokata roho.

Hamisha kijiti chekundu cha mita kwenye tundu la 10A, kisha pitisha waya mmoja wa umeme ndani ya mita kabla haujafika relini. Weka volti 12. Soma ikiwa inatembea huru. Halafu kandamiza kichwa kwa kidole mpaka magurudumu yasimame kabisa, soma, achia. Sekunde mbili zinatosha, ukizidisha unaipika mota.

Namba ya pili ndiyo unayoitaka. Ikiwa 0.8, king'amuzi cha ampea 1 kinafaa. Ikivuka 1.5, aidha tafuta kikubwa zaidi, aidha jiulize kuhusu hali ya mota: sumaku za mota za zamani zinachoka, na mota yenye sumaku iliyochoka inakula sana huku ikivuta kidogo.

Ukimaliza, rudisha kijiti chekundu kwenye tundu la volti. Ukisahau, kipimo chako kijacho cha volti kitakuwa shoti.

## Hatua ya 3: Chagua king'amuzi

Fungua bodi la juu la kichwa. Kama kuna bodi ya saketi yenye soketi, una bahati. Ya pini 8 ndiyo inayoonekana sana kwenye vichwa vya HO vya kati. Vipya vina ya pini 21, PluX au Next18. Vya N mara nyingi pini 6. Chomoa kile kipande cha daraja kilichokaa kwenye soketi, chomeka king'amuzi, kisha nenda moja kwa moja hatua ya sita. Usikitupe kipande cha daraja, kifunge kwenye mfuko na jina la kichwa.

Kwenye pini 8, waya wa rangi ya chungwa unakaa pini namba 1. Ukichomeka kinyume, mara nyingi hakuna kinachoungua: kichwa kitatembea ila taa hazitawaka. Zima, kigeuze, basi.

Kama hakuna soketi, nunua king'amuzi chenye nyaya ndefu zilizo wazi. Pima nafasi kabla ya kununua. Kinahitaji pa kukaa na hewa kidogo ya kupoa.

Jambo la pembeni kwa wanaouliza wapi wapate treni "ya kwetu". Ukigawa reli ya zamani ya mita moja kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo ni vichwa vya njia ya milimita 12. SGR ya milimita 1,435 inakupa 16.5, ambayo ndiyo HO ya kawaida kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuiga kinachopita Ihumwa siku hizi ana kazi rahisi kuliko anayetaka kuiga treni aliyopanda babu yake kwenda Tabora. Ukichukua kichwa cha umeme chenye mikono ya juu, tafuta kwenye vile vya zamani swichi ndogo ya kuchagua umeme wa reli au wa nyaya za juu. Ing'oe na uweke upande wa reli moja kwa moja.

## Hatua ya 4: Itenge mota na reli

Wagogo wafugaji wananielewa haraka hapa: mafahari wawili hawakai zizi moja. Mota yenye king'amuzi inapaswa kupata umeme kutoka kwa king'amuzi peke yake. Kama kaboni moja bado inagusa chesisi, na chesisi inagusa magurudumu ya upande mmoja, basi umeme wa reli unaingia kwenye njia ya kutokea ya king'amuzi. Transista zake zinakutana uso kwa uso na umeme uliokamilika wa reli. Hazina pa kukimbilia. Ndiyo moshi.

Cha kwangu kiliungua chini ya sekunde moja. Nilikuwa nimekata nyaya zote za zamani, nikaona hakuna waya tena kati ya reli na mota, nikajiambia imetengwa. Macho yalinidanganya, kwa sababu kilichounganisha hakikuwa waya. Ilikuwa ni skrubu ya kushikilia mota.

### Kipimo chenyewe

Weka mita kwenye mlio. Kichwa kiwe kimetolewa relini, nyaya za zamani za mota zimekatwa. Gusa jozi hizi, moja baada ya nyingine:

1. Gurudumu la kushoto na kaboni ya kwanza.
2. Gurudumu la kushoto na kaboni ya pili.
3. Gurudumu la kulia na kaboni ya kwanza.
4. Gurudumu la kulia na kaboni ya pili.
5. Chesisi na kila kaboni.

Mita isilie hata mara moja. Halafu hamisha mita kwenye omu za juu urudie. Isome kama waya uliokatika. Omu mia chache nazo ni njia, hata kama mlio haupo.

Sasa sehemu wanayoikosa wengi: rudia vipimo vyote huku ukizungusha mota kwa kidole, taratibu, mzunguko mzima. Kile kichwa cha kijana wa leso kilikuwa kimya kabisa kwenye mita. Akaniangalia kama anayesema, "Fundi, si nilikwambia?" Nikazungusha lile gurudumu zito la mota robo mzunguko, kimya. Nusu, kimya. Robo tatu, mita ikalia *piii* fupi, kisha kimya tena. Tulipoifungua tukakuta kibati cha kaboni ya chini kimepinda upana wa ukucha, na kila mota ikitikisika kwenye mshikio wake kinabusu chesisi. Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo kilikuwa kinasubiri tu."

### Aina za mota na dawa zake

Mota yenye nyaya mbili kutoka kwenye bodi. Ndiyo ya vichwa vingi vipya. Kata nyaya zote mbili, pima, umemaliza.

Athearn za zamani. Kaboni ya chini inalala juu ya chesisi kupitia kibati chenye meno mawili. Toa mota, kata au sawazisha meno, chomea waya wa kijivu kwenye kibati hicho, kisha laza utepe wa njano tabaka mbili kwenye chesisi chini yake. Rudisha mota, pima tena.

Hornby za zamani zenye mota ya X03 au X04. Springi moja ina mikono miwili inayokandamiza kaboni zote. Mkono mmoja umevalishwa kimrija cha kuzuia umeme, wa pili uko uchi na ndio unaopeleka umeme kwenye chesisi. Uvalishe na huo kimrija chembamba, halafu chomea waya kwenye kishikio cha kaboni ya upande huo. Springi ina tabia ya kuruka. Fanya kazi ndani ya sinia, nimewahi kuitafuta springi moja jioni nzima kwa tochi chini ya kabati.

Chesisi ya vipande viwili, kushoto na kulia, kila kimoja kikibeba umeme wa reli yake na kuigusa kaboni moja kwa moja. Inawezekana, ila inataka kuchonga na kujaza. Kama ni kichwa chako cha kwanza, chagua kingine.

### Kapasita

Kati ya kaboni mbili mara nyingi kuna kapasita ndogo, wakati mwingine na vikoili viwili. Viliwekwa kuzuia kelele kwenye redio na TV. Kwenye DCC kapasita inasumbua, kwa sababu king'amuzi kinalisha mota kwa vipigo vya haraka na katikati ya vipigo kinasikiliza mota inazunguka kasi gani. Kapasita inaziba masikio yake. Ing'oe. Kichwa kitatembea taratibu kwa utulivu ambao hukuwahi kuuona.

*Umefaulu ikiwa:* umepima mara tatu (mota ikiwa nje, ikiwa imefungwa na skrubu zake zote, na ikizungushwa) na mita haijatoa sauti.

## Hatua ya 5: Choma nyaya

Kabla ya kushika kichomeo, gusa chuma kilichoingia ardhini, bomba la maji au dirisha la chuma. Kiangazi chetu ni kikavu kiasi kwamba ukivua sweta gizani unaona cheche. Cheche hiyo hiyo ikipita kwenye kidole inatosha kukiumiza king'amuzi.

Rangi za nyaya ni zile zile kwa watengenezaji wanaofuata kawaida ya DCC:

- Mwekundu: umeme kutoka reli ya kulia.
- Mweusi: umeme kutoka reli ya kushoto.
- Rangi ya chungwa: kaboni ya mota iliyokuwa upande wa kulia.
- Kijivu: kaboni ya pili.
- Bluu: chanya ya pamoja ya taa zote.
- Mweupe: taa ya mbele.
- Njano: taa ya nyuma.
- Kijani na zambarau: vya ziada. Usipovitumia, vivalishe mrija, usiviache uchi.

"Kulia" ni kwa dereva anayetazama mbele, siyo kwako uliyekishika kichwa kikiwa kimekutazama. Ukikosea hapa hakiungui kitu, kitarudi nyuma ukikiambia kiende mbele, na hatua ya saba ina dawa yake.

Kata waya urefu unaohitajika na nyongeza kidogo. Mrija uvishe kwanza, kisha choma, kisha uvute ufunike kiungo. Kila mtu anasahau hili mara moja. Shika kichomeo kwenye kiungo kwa sekunde mbili, lehemu itiririke ing'ae. Ikikaa kama kidonge, kiungo ni cha baridi, rudia.

Taa za LED zote ziwe na rezista ya omu 1,000. Mguu mrefu unaenda bluu, mguu mfupi unaenda mweupe au njano, rezista ikae upande wowote. Taa za zamani za balbu kwa kawaida zina mguu mmoja kwenye chesisi. Zitenge kama ulivyoitenga mota, la sivyo zitawaka kwa kufifia na kucheza.

Onyo: usikifunge king'amuzi chote kwa utepe kama maiti. Kipe kipande kimoja upande unaogusa chuma, juu kibaki wazi kipumue.

## Hatua ya 6: Jaribu kwenye reli ya mipangilio, siyo reli kuu

Rudia kipimo cha hatua ya nne ukipima gurudumu kwa gurudumu, kushoto na kulia. Mita ikilia mfululizo kuna shoti ya nyaya.

Kisha kiweke kwenye reli ya mipangilio. Hii ni kipande kifupi kilichojitenga, kinacholishwa na tundu lake kwenye mtambo mkuu. Tundu hilo linatoa mkondo mdogo sana, kwa hiyo kosa likiwepo kuna uwezekano wa kuliona kabla ya moshi. Kama mtambo wako hauna tundu hilo, pitisha waya mmoja wa reli kwenye ile rezista ya omu 100.

Omba mtambo usome namba ya kichwa. King'amuzi kipya kinajibu 3. Wakati wa kujibu kichwa kinashtuka kidogo, mshtuko wa nywele tu. Usiogope. King'amuzi hakina sauti ya kujibu mtambo, hivyo kinaigusa mota kwa kitambo kifupi mno ili mtambo uuone mkondo ukipanda. Hiyo ndiyo "ndiyo" yake.

Hakijibu? Kwa mpangilio huu: futa magurudumu, kandamiza kichwa kidogo kwa kidole, angalia waya mwekundu na mweusi, kisha wa chungwa na kijivu. Kumbuka kwamba jibu linapita kwenye mota, hivyo mota isiyounganishwa inamaanisha king'amuzi bubu hata kama ni kizima.

*Umefaulu ikiwa:* umesoma 3 mara mbili mfululizo. Sasa tu ndipo kinaruhusiwa kwenye reli kuu.

Na onyo la mwisho la hatari: kidude cha zamani cha DC, kile cha kuongeza na kupunguza volti za reli, kisiunganishwe kamwe kwenye reli moja na mtambo wa DCC, hata kikiwa kimezimwa. Chomoa nyaya zake kabisa.

## Hatua ya 7: Mipangilio

CV ni visanduku vya kumbukumbu ndani ya king'amuzi, kila kimoja na namba yake. Vipo vingi, unavihitaji vichache.

CV1 ni namba fupi ya kichwa, 1 hadi 127. Usiiache 3, kichwa chako cha pili nacho kitakuja kikiwa 3 na vitaondoka pamoja.

Ukitaka namba ndefu, ile iliyoandikwa ubavuni, mitambo mingi itakufanyia hesabu. Kwa mkono ni hivi: gawa namba kwa 256, jibu zima ongeza 192 uandike kwenye CV17, kinachobaki uandike kwenye CV18. Mimi kimoja nimekipa 2024, mwaka SGR ilipofika Dodoma. 2024 kwa 256 ni 7, inabaki 232. CV17 ni 199, CV18 ni 232.

CV29 inajumlisha mambo kadhaa. Anza na 2. Ongeza 1 kama kichwa kinakwenda kinyume. Ongeza 32 kama unatumia namba ndefu. Ongeza 4 kama unataka kiendelee kutembea na kwenye reli za kawaida za DC. Vingi vinatoka kiwandani vikiwa na 6, yaani 2 na 4. Mimi ile 4 naitoa kila mara, sababu iko mwisho.

CV2 ni nguvu ya kuanzia, ipandishe kidogo kidogo mpaka kichwa kisogee kwenye hatua ya kwanza ya mwendo. CV5 ni mwendo wa juu. CV3 na CV4 ni uzito wa kuondoka na wa kusimama. Anza na 10 kila kimoja. Ukiweka 60 utadhani breki zimekufa.

Ukipotea kabisa, andika 8 kwenye CV8. Kwenye ving'amuzi vingi hiyo inarudisha hali ya kiwandani, na namba inarudi 3.

## Hatua ya 8: Funga na uendeshe

Kabla ya kufunika, endesha robo saa bila bodi la juu, kisha gusa king'amuzi. Uvuguvugu ni sawa. Kikikuchoma kidole, rudi hatua ya pili. Ukifunika, angalia waya usibanwe na skrubu wala kugusa gurudumu zito la mota. Endesha tena. Hitilafu nyingi zinazojitokeza sasa ni za waya uliobanwa, siyo za umeme.

Kichwa ambacho hakijageuzwa usikiache kimesimama kwenye reli za DCC. Mota yake itaimba kama mbu na kupata moto mpaka iungue.

## Dalili na pa kuangalia

Mtambo unakata umeme ukiweka kichwa tu. Shoti: gurudumu limekosea njia kwenye reli, au waya uchi umegusa chesisi.

Kinatembea kwa kurukaruka. Uchafu. Reli za Dodoma zinataka kufutwa kila unapotaka kucheza, na usiku zifunikwe kanga. Kama ni safi na bado kinaruka, tafuta kapasita uliyoisahau.

Taa zinawaka, mota haisogei, na hapo awali ilisogea. Upande wa mota wa king'amuzi umekufa. Rudi hatua ya nne kabla ya kununua kingine, la sivyo nacho kitafuata.

Umeme wa nyumba ukikatika na kurudi, kichwa kinafyatuka chenyewe kwa mwendo mkali. Hii ndiyo ile 4 ya CV29. King'amuzi kimeamka, hakijasikia amri, kikadhani kiko kwenye reli za DC. Changu kilifanya hivyo saa mbili usiku, kikaruka kutoka kwenye kona ya meza na kutua ndani ya beseni la mchele uliokuwa unachambuliwa. Andika CV29 upya bila 4.